Siku Moja Maishani Mwangu: Watoto Wanaoambiwa Hawatulii

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto, na kazi yangu huanza na makaratasi. Kila mtoto anayeletwa kwa kushukiwa kuwa na ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kuwa makini au kujizuia, ana fomu mbili, ya mzazi na ya mwalimu. Naanza na ya mwalimu, kwa kuwa yeye ana watoto wengine wa rika lile lile wa kulinganisha. Fomu zikipishana sana, hapo ndipo pa kuchimba. Mtoto anayevuruga shuleni tu na nyumbani yuko sawa huenda somo limemzidi, au anaonewa na wenzake.

Saa 2:30. Mvulana wa miaka 7. Baba yake amekuja shingo upande. "Daktari, huyu ni mtundu tu. Hata mimi utotoni nilikuwa hivi hivi."

Nainamisha kichwa nisionekane natabasamu. ADHD hurithiwa kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo baba amenipa taarifa muhimu bila kujua.

Mtoto amekaa na matofali ya kuchezea, ametulia tuli. Baba ananitazama: si unaona? Naona, lakini hilo haliniambii kitu. Chumba ni kigeni, vitu vya kuchezea ni vipya, na kuna mtu mzima anayemshughulikia yeye peke yake. Mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama katika kinachomvutia hadi asisikie akiitwa. Kazi ni pale kitu kinapochosha.

Namwambia avae viatu, achukue kitabu mezani, kisha akakae dirishani. Anavaa kiatu kimoja. Anakiona kitabu, anakifuata akichechemea, anafungua ukurasa wenye picha ya treni. Halafu anasimama katikati ya chumba, kiatu mguu mmoja, ananiuliza: "Nilikuwa naenda wapi?"

Hakuna kiburi hapo. Maagizo matatu yalikuwa mengi kuliko anayoweza kuyashika kichwani kwa wakati mmoja. Nyumbani hilo lingeitwa ukaidi, na pengine angechapwa.

Saa 4:00. Msichana wa miaka 10. Hajawahi kumsumbua mtu, na ndiyo sababu amechelewa kuletwa. Ripoti zake za shule zote zinasema anaweza akijitahidi. Naliangalia daftari lake: kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rangi mbili, swali la kwanza limejibiwa vizuri, la pili limeishia katikati ya neno. Kuanzia hapo ni maua, hadi chini ya ukurasa.

Watu wengi hudhani ADHD lazima iwe na kurukaruka. Kuna watoto ambao shida yao kubwa ni umakini, wengine kuhangaika na kukurupuka, wengine vyote viwili. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili uliotoka mwaka 2013, unataka mtoto awe na dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kundi mojawapo, zidumu angalau miezi 6, kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi. Tena ziwe zinamkwamisha. Hilo la mwisho husahaulika mno. Mtoto mchangamfu anayesoma vizuri na kucheza na wenzake mwacheni.

Saa 6:15 mchana. Simu na mwalimu wa yule mvulana. Namwomba amkalishe mtoto mbele, ampe agizo moja moja, na kumsifu papo hapo akimaliza. Anasema darasa limejaa. Namwelewa, tunakubaliana tuanze na kiti.

Saa 8:00. Huyu ameletwa kwa kutotulia darasani. Namuuliza mama kuhusu usingizi: anakoroma kila usiku, anaamka amechoka. Nampa barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kusema lolote. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha ADHD, kwa hiyo ni lazima tuondoe mengine kwanza: usikivu, macho, usingizi, kifafa kile cha kuduwaa kwa sekunde chache.

Saa 9:30. Mama wa kijana anayetumia methilfenideti, dawa ya ADHD. Darasani mambo yamenyooka, ila chakula cha mchana hakigusi. Ni kawaida kwa dawa hii. Nampa mbinu ya kumlisha vizuri kabla ya kidonge na tena jioni, na namkumbusha daktari aliyemwandikia apime uzito na urefu.

Kisha analia. Mawifi wanasema amemdekeza. Mwaka 1902 daktari George Still, akihutubia madaktari wenzake London, alieleza watoto wenye akili timamu wanaoshindwa kujizuia, akaliita jambo hilo kasoro ya udhibiti wa maadili. Mawifi bado wako mwaka ule. Malezi mabaya hayasababishi ADHD, sukari pia haisababishi.

Saa 11:00 jioni. Ripoti ya yule msichana. Daftari linanishawishi, lakini fomu ya nyumbani karibu yote imejazwa "mara chache". Huenda mama humkumbusha kila hatua hadi hakuna anachosahau, au huenda shida iko shuleni tu. Naandika kwamba sijaamua, na kwamba nataka kumwona akifanya kazi ya nyumbani bila kukumbushwa. Mama yake alitaka jibu leo. Atakasirika, na nitampigia mwenyewe kabla ripoti haijamfikia.