Daftari la wakala wa Mwanjelwa

Nimerudi nyumbani na mvua ya Mbeya mgongoni, na daftari moja halijanitoka akilini.

Leo sisi watafiti wachache wa sera za teknolojia, wa hapa na wa Iringa, pamoja na wenzetu wa Nairobi na Kampala waliojiunga kwa intaneti (iliyokatika mara mbili, kama kawaida yake), tulikuwa tukilinganisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: za Kenya na Uganda za mwaka 2019, na yetu ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ndipo dada tuliyemwalika, wakala wa pesa za simu pale Mwanjelwa, alipofungua daftari lake: majina, namba za simu na za vitambulisho vya wateja, kwa kalamu ya bluu, jalada limelegea kwa kushikwashikwa.

"Linakaa mezani kutwa nzima," alisema. "Anayetaka analisoma."

Mwenzetu wa Kampala alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata kwao liko daftari kama hilo. Tukaacha vifungu, tukaanza kupanga utafiti wa pamoja.

Ndugu zangu wa Njombe, Songea na Sumbawanga, madaftari ya mawakala wa huko kwenu yanatunzwa vipi? Niandikieni.