Mafunzo ya Kazi Bila Malipo, na Anayeyagharamia

Kila likizo ndefu wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu hapa Uganda hutawanyika maofisini na viwandani kutafuta mafunzo ya vitendo, ambayo wengi hawawezi kuhitimu bila alama zake. Binamu yangu alifanya yake Kampala: nauli ya teksi kutoka Mukono asubuhi na jioni, chakula cha mchana, na shati jeupe alilolifua kila usiku kwa kuwa hakuwa na jingine. Yote hayo yaligharamiwa na mama yake, muuza ndizi.

Mwanafunzi anayeketi pembeni akielekezwa pengine hadai mshahara. Lakini mhitimu anayepokea wateja na kufunga hesabu kwa miezi sita ni mfanyakazi, na Ibara ya 40 ya Katiba yetu ya 1995 inataka malipo sawa kwa kazi sawa. Kima cha chini cha mshahara, kilichowekwa mwaka 1984, ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiasi kisichotosha hata nauli ya siku chache. Ndiyo maana nafasi hizi huwaendea wenye jamaa mjini wa kuwalaza na kuwalisha, huku kijana wa Karamoja, mbali kaskazini mashariki mwa nchi, mwenye alama nzuri zaidi akibaki kwao. Naviomba vyuo visimpeleke mwanafunzi mahali ambapo hata nauli halipwi.