Jinsi Tulivyonusuru Jengo la Mawe na Nyaraka Zilizokuwamo

Nilipokubali kuwa katibu wa kamati ya wakazi iliyoundwa kunusuru jengo kongwe la mawe lililohifadhi nyaraka na picha za jumuiya yetu, nilidhani mtihani mkubwa ungekuwa kutafuta fedha. Fedha zilisumbua, lakini si kama maji yalivyotusumbua, na ilituchukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba jengo na makaratasi yake yalikuwa yakiugua maradhi mamoja.

Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe. Lipu ya ukuta wa nyuma ilikuwa imebanduka vipande vipande, tukamwita fundi, tukamwagiza apige lipu mpya ya saruji na kuipaka rangi ya mafuta, kisha tukapongezana. Msimu mmoja wa mvua ulipopita, rangi ilikuwa imevimba, chumvi imechomoza mfano wa unga, na alama ya unyevu imepanda hadi usawa wa kiuno, mahali ambapo hapo awali haikuwahi kufika. Tukamwomba mwashi mmoja mzee, aliyejifunza kazi kabla saruji haijaenea, aje kuangalia. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema: "Mwanangu, ukuta huu unatoa jasho, nanyi mmeuvika koti la mpira."

Alitueleza kwamba kuta nyingi za kale za mawe na chokaa hazina kizuizi cha maji kwenye msingi. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kupitia lipu na viungo vya mawe, kwa kuwa chokaa ina vitundu vidogo vinavyoupitisha. Tena chokaa ni laini kuliko jiwe, hivyo jengo likitulia au kusogea kidogo, ufa hupita kwenye kiungo na jiwe husalimika. Saruji huziba njia hiyo. Maji hulazimika kupita ndani ya jiwe lenyewe, na chumvi iliyoyeyuka humo huganda na kulimega kutoka ndani.

Tuliibandua saruji kwa nyundo na patasi, kwa mkono, kwa sababu mashine ingevunja mawe. Pale iliposhikamana kiasi cha kutishia kung'oa uso wa jiwe, tuliiacha, na vipande hivyo vinaonekana mpaka leo. Kabla ya kupiga lipu mpya tulizibua mifereji ya paa na kuchimbua udongo uliokuwa umerundikana nje kwa miaka mingi hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani. Nakiri kwamba kazi hiyo ya majembe na ndoo, ambayo hakuna aliyetaka kupigwa picha akiifanya, ilikausha ukuta kuliko chochote kilichofuata. Lipu yenyewe ilikuwa sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi, katika matabaka membamba yaliyofunikwa kwa magunia mabichi, kwa maana chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na ikikaushwa na jua kwa haraka hugeuka vumbi.

Mabishano makali yalihusu roshani. Wajumbe kadhaa walitaka tujenge roshani yenye nakshi upande wa mbele, kwa hoja kwamba majengo ya kale hupendeza hivyo. Niliwasomea kanuni ya Hati ya Venice ya mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, isemayo kwamba ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, lakini haikuwashawishi. Kilichowanyamazisha ni picha moja ya zamani kutoka katika masanduku yetu wenyewe: upande wa mbele ulikuwa mtupu, una mlango na madirisha manne, basi.

Masanduku hayo yalikuwa ya bati, yamewekwa sakafuni, yameegemezwa kwenye ukuta ule ule uliokuwa ukilia maji. Yaliyokuwa chini yalinuka kuvu. Tuliyahamisha kwanza, tukatenga karatasi zilizolowa, tukaziacha zikauke kivulini, kisha tukapangusa kuvu kwa brashi laini tukiwa nje na tukiwa tumevaa barakoa. Kuvu huota kwa urahisi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65, kwa hiyo tulinunua kipimo cha unyevu, tukasogeza rafu mbali na kuta, na tukaanza kufungua madirisha kwa kufuata kipimo badala ya mazoea. Daftari zilizoliwa na wadudu tulizifunga ndani ya mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, tukaziweka kwa wiki mbili kwenye jokofu la kugandishia, katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Ilinibidi pia kumzuia mjumbe mwenye nia njema na selotepu yake, ambayo gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka, na mwingine aliyetaka kila hati ifunikwe kwa plastiki ya moto.

Kila kitu kilipewa namba, ambayo kwenye picha tuliiandika nyuma, pembeni, kwa penseli laini, na daftari la orodha likanakiliwa mara mbili ili nakala moja ikae nje ya jengo. Nilichochelewa kufanya ni hati za makabidhiano. Familia moja ilikuwa imetuletea albamu mbili kwa mdomo tu, na baada ya aliyezileta kufariki, mjukuu wake alikuja kuzidai. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kama zilitolewa au ziliazimishwa, na kwa haki sikuweza kumkatalia. Nilimwomba siku tatu, akanipa mbili, nikakesha nikizipitisha kwenye skana ukurasa kwa ukurasa, nyuma na mbele, kwa sababu majina ya watu yalikuwa nyuma. Katika daftari, mistari ile miwili sasa imeandikwa "zimerejeshwa kwa mwenyewe", na sahihi yake iko pembeni.