Unga mweusi wa betri ya tochi

Jana, uani kwetu Jinja, binti yangu alipasua betri kuukuu ya tochi, akanijia na vidole vyeusi tii. "Baba, unga huu una kazi gani?" Nilimnawisha kwanza, kisha nikamwambia kwamba ni kaboni iliyochanganywa na oksidi ya manganizi. Oksidi hiyohiyo ilinirudisha katika maabara ya Kampala, kwa Mwalimu aliyetuongoza katika utafiti wa betri.

Tulikuwa tumezama katika utafiti wa betri za salfa, ambayo gramu yake moja, kwa hesabu za nadharia, hubeba miliampea-saa 1,675, kipimo cha kiasi cha umeme betri inachoweza kutunza. Betri ya lithiamu na salfa inapotoa umeme, salfa hugeuka kuwa polisalfaidi, yaani misombo ya salfa na lithiamu, zinazoyeyuka katika elektroliti, kimiminika kilicho kati ya pande mbili za betri, na kuvuka hadi upande wa lithiamu, na betri hudhoofika kila inapochajiwa upya. Mwaka 2009 kundi la mwanakemia Linda Nazar, huko Kanada, lilihifadhi salfa ndani ya vitundu vya kaboni, lakini kaboni tupu haina mvuto wa kutosha wa kuzishika polisalfaidi zikishayeyuka.

Asubuhi ile Mwalimu alipenyeza mikono katika sanduku la glavu, la kioo na lisilopitisha hewa, lililojaa arigoni, gesi isiyoathiri kemikali, akagawa mmumunyo wa polisalfaidi, wa manjano kama samli iliyoyeyushwa, katika vichupa viwili. Kimoja alikitia unga wa kaboni, cha pili oksidi ya manganizi iliyotengenezwa kuwa vipande vyembamba mno, kwa maana chembe nene kama zile za tochi zina uso mdogo wa kushikia. Akavitikisa, akaviacha vitulie. Tulisongamana kwenye kioo, hakuna aliyesema. Kichupa cha kaboni kilibaki na umanjano wake. Katika cha pili rangi ilififia, ikapauka, ikatoweka, mpaka nikaweza kuona vidole vya glavu nyuma yake.

"Zimeshikwa," alisema Mwalimu, akatueleza kwamba oksidi huoksidisha sehemu ya polisalfaidi kuwa thaiosalfeti, msombo wenye salfa na oksijeni, nayo hubaki juu ya uso wake ikizinasa nyingine. Sijapata kuona kemia ikijieleza waziwazi namna ile.

Ufadhili ulikwisha, nikaingia kazi ya umeme wa jua. Kila ninaposaidia kupakua betri nzito za madini ya risasi kwenye boti visiwani Buvuma, huikumbuka salfa kwa wepesi wake, na papo hapo huukumbuka uzito wa oksidi, ambayo haipitishi umeme vizuri na huongeza gramu katika betri iliyokusudiwa kuwa nyepesi. Mwalimu alitaka tutafute kiasi kidogo kabisa kinachotosha kuzishika polisalfaidi zote, nasi tulikuwa ndio kwanza tumeanza kupima.