Nilivyofunga hesabu za kampuni mama na tanzu zake mbili

Kuna ushauri unaozunguka sana kwa wahasibu wa kampuni za familia, na nimeusikia kutoka kwa watu wenye vyeti ukutani: "Nyie hamjaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, hesabu za kundi za nini?" Ushauri huo si sahihi na ningependa uishe. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 10, kinachotumika tangu Januari 1, 2013, kinaitaka kampuni inayodhibiti nyingine itoe hesabu jumuishi, yaani za kundi zima kana kwamba ni kampuni moja, iwe imeorodheshwa au haijaorodheshwa. Msamaha upo, lakini masharti yake lazima yatimie yote kwa pamoja: kampuni yako yenyewe iwe tanzu, yaani inadhibitiwa na nyingine, wenye hisa wengine wawe wamejulishwa na hawajapinga, hisa na hati zako za madeni zisiwe sokoni wala njiani kwenda sokoni, na kampuni iliyo juu yako iwe inatoa hesabu zinazofuata viwango hivi hivi. Sisi juu yetu hakuna mtu. Kampuni mama iko Dar es Salaam na inatengeneza vifungashio. Mwanza tunamiliki asilimia 80 ya kampuni ya usambazaji, na Nairobi tunamiliki asilimia 100 ya nyingine kama hiyo. Benki tuliyoiomba mkopo ilitaka hesabu za kundi pamoja na za kampuni mama peke yake, kazi ikaangukia mezani kwangu. Namba nitakazotaja nimezibadilisha, maana si mali yangu.

Ushauri wa pili niliopewa ulikuwa mfupi: jumlisha mstari kwa mstari, futa uwekezaji dhidi ya mtaji wa tanzu, umemaliza. Hapo kwa kweli ndipo unapoanza. Kujumlisha kulichukua asubuhi moja kwenye Excel. Kilichonikalisha ofisini hadi usiku ni madeni ya ndani.

Vitabu vya Dar vilionyesha Nairobi inadaiwa shilingi milioni 312. Vitabu vya Nairobi, ukishabadilisha fedha yao, vilionyesha milioni 251. Tofauti ni milioni 61. Huko nyuma tofauti za namna hii zilikuwa zinatupwa kwenye mstari wa "mengineyo" na mambo yanaendelea. Nilikataa. Fedha zisizolingana kati ya ndugu wawili zina maelezo, na nilitaka nione kila shilingi ilikolala.

Milioni 48 nilizikuta Namanga. Lori lilitoka kiwandani Desemba 29, Dar wakaandika mauzo siku hiyo hiyo. Desemba 31 lori lilikuwa bado mpakani, linasubiri karatasi za forodha. Nikampigia mwenzangu wa Nairobi.

"Ndugu yangu," akaniambia, "nitaandikaje mali ambayo stoo haijaiona? Mzigo umefika hapa Januari nne."

Stoo yake haikukosea kukataa, na Dar nao walikuwa na ankara halali mkononi. Lakini ukiliangalia kundi zima, mzigo ule haukuwa popote: Dar wameutoa, Nairobi hawajauingiza, na lori zima la maboksi limesimama Namanga bila mwenyewe kwenye mizania, ile orodha ya mali na madeni. Nikamwomba wakala wetu wa forodha anipigie picha hati ya kuingiza mzigo ikiwa na mhuri na tarehe. Mkataba wetu unasema mali ni ya Nairobi tangu inapopakiwa, kwa hiyo upande wa Nairobi nikaongeza mali iliyo njiani na deni lake. Baada ya hapo ndipo nikafuta deni pande zote mbili, na mali yenyewe nikaishusha hadi milioni 40, gharama ya kiwandani. Ile milioni 8 ya juu ni faida ambayo kundi lilijiuzia lenyewe, na mtu hatajiriki kwa kujiuzia.

Milioni 9 nyingine zilitokana na viwango vya kubadilisha fedha. Dar walichukua kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania, Nairobi wakachukua cha benki yao ya biashara. Milioni 4 zilizobaki yalikuwa maboksi yaliyofika yamelowa. Nairobi walipunguza deni na kuandika barua, barua ikabaki kwenye faili la dereva. Arobaini na nane, tisa, nne: sitini na moja. Jioni ile nililala vizuri.

Tangu hapo tuna fomu ya ukurasa mmoja, na ndiyo kitu ninachojivunia kuliko vyote. Kila mwisho wa mwezi kampuni mbili zinazodaiana zinaorodhesha ankara zilizo wazi, namba kwa namba, na wahasibu wote wawili wanasaini. Kiwango cha kubadilisha fedha ni kimoja na kinatoka kwangu. Pakiwa na ubishi, namba ya muuzaji ndiyo inayosimama mpaka mnunuzi alete karatasi. Kuna mshauri alitaka kutuuzia programu ya kujumuisha hesabu kwa mamilioni ya kutosha, tena kila mwaka ulipie. Programu nzuri, sikatai, ila isingelijua lile lori la Namanga.

Kwa upande wa Mwanza, elewa vizuri ile asilimia 20 ya wengine. Tulinunua asilimia 80 kwa milioni 900 wakati mali halisi za kampuni, kwa thamani ya soko siku ile, zilikuwa milioni 1,000. Haki ya wachache, wenye ile asilimia 20, tuliipima kwa fungu lao, milioni 200. Tisa mia jumlisha mia mbili, toa elfu moja: gudiwili, yaani ziada juu ya thamani ya mali halisi, ni milioni 100. Haipunguzwi kidogo kidogo kila mwaka. Inapimwa kila mwaka kama imeshuka thamani. Mali na madeni ya Mwanza unayaingiza yote kwa asilimia mia. Nimeona watu wanaingiza asilimia 80 tu kisha wanashangaa kwa nini mizania haieleweki. Fungu la wachache linaonekana kwenye mstari wake ndani ya mtaji.

Na faida iliyobaki stoo, angalia nani aliuza. Dar waliiuzia Mwanza bidhaa za milioni 250 zilizogharimu 200, na mwisho wa mwaka bidhaa za milioni 100 zilikuwa hazijauzwa. Milioni 20 ni faida isiyoiva: unaitoa kwenye akiba ya bidhaa na kwenye faida ya kundi, na kwa kodi ya asilimia 30 unaweka kodi iliyoahirishwa ya milioni 6, maana Dar wanatozwa kodi kabla kundi halijaihesabu faida hiyo. Muuzaji ni mama, kwa hiyo wachache wa Mwanza hawaguswi. Ingekuwa Mwanza ndiyo imemuuzia Dar, nao wangebeba asilimia 20 ya punguzo hilo.

Marekebisho haya yote hayaingii kwenye leja ya kampuni yoyote. Yanaishi kwenye karatasi za kundi tu. Ndiyo maana mwaka unaofuata ukijumlisha upya, faida limbikizi ya kuanzia haifanani na ya kufungia mwaka jana. Ninatunza faili la marekebisho ya kudumu, kila moja na mwaka wake na sababu yake, na kabla ya kugusa kitu kingine Januari narudia kuyaingiza yale ya zamani mpaka mtaji wa mwanzo ulingane. Usipofanya hivyo utafukuza kivuli hadi Machi.

Jambo linalowachanganya wengi ni mkopo wa Dar kwa Nairobi, ulioandikwa kwa shilingi za Kenya. Niliambiwa kwamba deni likifutwa, kila kinachohusu deni kinafutika. Hapana. Faida au hasara ya kubadilisha fedha iliyoandikwa Dar inabaki kwenye faida ya kundi, kwa sababu kundi kweli limebeba hatari ya sarafu. IAS 21, kiwango cha tofauti za sarafu, ina mlango mmoja: mkopo usiopangwa kulipwa kwa siku zinazoonekana ni sehemu ya uwekezaji wako kule, na tofauti yake kwenye hesabu za kundi inakwenda kwenye akiba ya tofauti za sarafu. Kwenye hesabu za kampuni mama peke yake, tofauti hiyo hiyo inabaki kwenye faida na hasara. Mkopo mmoja, sehemu mbili, na zote ni sahihi.

Hapo ndipo wanaponikera wale wanaosema ukishakuwa na hesabu za kundi, za mama hazina kazi. Kundi halina TIN. TRA inaitoza kodi kampuni moja moja. Gawio la wenye hisa wa Dar linatoka kwenye faida ya Dar, na faida iliyolala Mwanza haigawiki mpaka Mwanza yenyewe itangaze gawio. Kwenye hesabu za mama, IAS 27 inakupa njia tatu za kuonyesha tanzu: kwa gharama, kwa IFRS 9 (kiwango cha mali na madeni ya kifedha), au kwa njia ya mtaji, inayofuata fungu lako la faida na hasara ya tanzu, iliyoruhusiwa kuanzia 2016. Tulichagua gharama. Gawio la Mwanza linaingia kama mapato ya mama; kwenye kundi linafutwa, na sehemu ya wachache inapunguza haki yao.

Mwaka huu mkaguzi alikuja na swali moja zito: Nairobi imepata hasara, je, uwekezaji wa mama bado una thamani ile ya gharama? Tulifanya hesabu ya fedha zinazotarajiwa, tukaushusha kwenye hesabu za mama. Kwenye kundi nikaufuta ushushaji huo, kwa kuwa hasara za Nairobi zilikuwa zimeshaingia mstari kwa mstari. Aliuliza madeni ya ndani pia. Nikamsogezea faili la fomu zilizosainiwa, akachukua za Desemba, akaangalia namba za ankara, akaendelea na ukurasa mwingine.