Nilivyomsikia mdogo wangu chini ya kifusi

Usinunue kamera ya joto kumtafuta mtu chini ya kifusi. Watu watatu walinishauri niinunue, nusura niuze pikipiki. Kamera hiyo husoma joto la uso wa kitu. Mtu akiwa nyuma ya slabu, utaona slabu tu.

Mimi ni fundi wa redio, Nairobi. Jengo la ghorofa sita la mtaa wa Huruma liliporomoka kwenye mvua usiku wa 29 Aprili 2016. Mtoto mdogo alitolewa hai baada ya saa 80 hivi, na siku sita baada ya jengo kuanguka akatolewa mama mjamzito. Tangu hapo niliwaza: aliye hai humo ndani atasikikaje?

Nilianza na maikrofoni. Mdogo wangu alikubali kulala ndani ya bomba kubwa la saruji lililofunikwa na kifusi cha nyumba iliyobomolewa mtaani, agonge kwa jiwe. Nikateremsha maikrofoni kwenye ufa. Saa nzima nilisikia upepo, matatu na watoto wakicheza. Alitoka na vumbi hadi kwenye kope. "Kaka, nimegonga mpaka mkono umekufa ganzi!"

Kosa langu lilikuwa kusikiliza hewa, na hodi husafiri kupitia zege lenyewe. Nilitoa kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa ya mezani (kikitikiswa, hugeuza mtikisiko kuwa umeme), nikakigundisha kwenye kichwa cha nondo, nikaiegemeza nondo kwenye slabu. (Isukume taratibu, usiipige nyundo, hujui nani yuko chini.) Nikakiunganisha na hedifoni kupitia kikuza sauti, nikazivaa.

Ko. Ko. Ko.

Machozi yalinitoka. Nikaongeza nondo ya pili, kila moja na sikio lake, nikawa nazihamisha: sikio linalosikia zaidi ndilo lililo karibu naye. Jaribu sehemu kadhaa, maana nondo isiyokaa vizuri hudanganya. Jenereta lazima izimwe. Gonga mara tano, kisha nyamazeni kabisa, hata simu.

Vyote vilinigharimu kama shilingi elfu moja mia tano, vingi nilivinunua barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme.

Aliyezimia hawezi kugonga. Huyo anahitaji rada. Nepal, mwaka 2015, chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kiitwacho FINDER kilinasa mapigo ya moyo ya wanaume wanne chini ya vifusi, wakaokolewa. Changu hakifiki huko. Lakini Jumamosi vijana wa mtaa walikishika kwa mara ya kwanza, na kila mmoja alimpata mdogo wangu kabla chai haijapoa.