Daraja Linapogeuka Bwawa: Data za Laida na Mafuriko ya Msimbazi

Anayepokea data za laida, yaani vipimo vya umbo la ardhi vinavyochukuliwa na ndege kwa miale ya leza, kwa mara ya kwanza huvutiwa na wingi wa nukta zake na kudhani kwamba kazi ngumu imeshafanywa na ndege, ilhali modeli ya mafuriko, yaani programu ya kompyuta inayokadiria maji yatafika wapi, inachotaka zaidi ni njia za maji zilizo wazi. Katika bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, ambako mto hushuka kutoka vilima vya Pugu, hukatiza Barabara ya Morogoro pale Jangwani na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander, mimi huanza na madaraja.

Mwale wa laida haupiti chini ya daraja. Hugonga sakafu yake na kurudi. Nukta hizo zikiachwa katika kundi la ardhi, gridi, yaani ramani ya vimo vya ardhi inayotokana na nukta hizo, itaonyesha ukuta uliokingama mtoni, na modeli itarundika maji upande wa juu hadi mitaa isiyofurika ionekane imezama. Muundo wa LAS 1.4, ambao ni wa faili za kuhifadhia nukta za laida na huipa kila nukta namba ya kundi lake, umetenga namba 17 kwa sakafu za madaraja, ila programu za kuchuja mara nyingi huzitia katika namba 2, ambayo ni ya ardhi, kwa kuwa daraja na tuta la barabara huwa vimeungana bila mruko wowote. Hapo hakuna budi kuweka picha ya angani pembeni, kuchora mpaka kuzunguka kila daraja na kuzihamisha nukta kwa mkono. Kalvati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, zina taabu zaidi, maana hata kwenye picha hazionekani: sharti mtu aende akapime kipenyo na usawa wa sakafu yake, na atazame kama hazijazibwa na mchanga na chupa za plastiki.

Amri ya programu ya kujaza mashimo yaliyomo kwenye gridi, ambayo wengi huitumia kwa mazoea, kwangu haina nafasi katika modeli inayokokotoa mtiririko wa pande mbili (2D), yaani maji yanayosambaa kila upande juu ya ardhi, kwani baadhi ya mashimo hayo ni ya kweli na ndiyo yanayoshikilia maji mtaani baada ya mvua kukatika.

Kitanda cha mto nacho hakimo katika data hizo. Mwale wa laida wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 hufyonzwa na maji, na ule wa kijani wa nanomita 532 huhitaji maji maangavu, sifa ambayo Msimbazi hauna. Kwa hiyo hupimwa ukingo hadi ukingo, na tarehe ya upimaji huandikwa, kwa sababu mchanga wa Jangwani hujaa na kuchimbwa.

Linabaki suala la usawa wa rejea, yaani sifuri ambapo vimo huanza kuhesabiwa. GPS hutoa kimo juu ya elipsoidi, yaani umbo laini la kihesabu linalowakilisha dunia, na Dar es Salaam usawa wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya elipsoidi hiyo, hivyo Jangwani ikitoka na namba hasi kila mtu atashtuka na kuirekebisha. Linalojificha ni jedwali la kujaa na kupwa kwa bahari, ambalo huhesabu kuanzia karibu na usawa wa maji yakiwa yamekupwa kabisa, wala si usawa wa wastani wa bahari. Tofauti ya sifuri hizo mbili, kama mita 2 hivi, haimshtui mtu, nayo yatosha kuamua iwapo mto utamwaga maji yake au utarudishwa nyuma pale Selander, bamvua likikutana na mvua kubwa.